Sala Mbili Juu ya Reli Moja

Ninyi vijana mnaovuka reli na waya masikioni, mnanitesa. Nimekaa hapa mbele ya nyumba, juu ya kiti changu cha plastiki. Kazi nimeiacha zamani na bendera zote mbili nimezirudisha gare, kwenye kituo cha treni, lakini nikiona mmoja wenu anakatiza reli bila kugeuza shingo, mkono wangu wa kuume unainuka wenyewe. Majirani wanadhani nawasalimia.

Juzi Clarisse, mjukuu wangu, alirudi kutoka sokoni anatetemeka na kucheka kwa pamoja. Pikipiki moja ilikosa breki kwenye mteremko, ikapita karibu naye mpaka ikamchania kikwembe.

"Kambo, niko na chance, bahati tu!" akasema.

Dada yake Bernadette, yule wa kwaya, hakumwacha amalize. "Chance gani? Mungu njo alikulinda."

"Na ile kuku pikipiki ilikanyaga, Mungu hakuiona?"

Wakaanza kubishana hapo hapo, kapu la sombe, majani ya mihogo, bado liko kichwani kwa Clarisse. Mwisho wakanigeukia mimi. "Kambo, weye unasema nini?"

Niliomba maji ya kunywa, wala sikuwa na kiu. Jibu langu lilikuwa refu kuliko sombe inavyoweza kungoja. Sasa nimekaa vizuri, nalitoa kwenu wote, ninyi wa waya masikioni pia.

Nilikuwa mlinzi wa barieri, pale barabara ya Kabondo-Dianda inapokata reli kabla ya kuingia Kamina. Barieri yenyewe ni mti mrefu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na kipande kizito cha chuma kwenye kitako chake ili usikuvunje mgongo ukiuinua. Pembeni kuna kibanda cha matofali, na ndani yake bendera nyekundu, bendera ya kijani, taa, na sanduku la petari. Petari ni vibati vidogo vyenye baruti. Unavifunga juu ya reli, gurudumu likikanyaga vinalia kama bunduki, na mashinisti anayeendesha treni anajua lazima afunge breki, hata kama haoni kitu mbele yake. Watu walikuwa wanasema kazi yangu ni ya kukaa. Kweli nilikaa sana. Lakini masikio yangu hayakukaa.

Aliyenifundisha ni Tata Banza, mzee mfupi ambaye alikuwa ameanza kazi pale wakati treni zilikuwa zinapita kwa saa yake, na akina mama wa jirani walikuwa wanaweka maji ya bukari, ugali wetu, motoni wakisikia honi. Nilipofika mimi, mambo yalikuwa yamegeuka. Treni ya asubuhi ilipita jioni, ya leo ilipita kesho. Zamani kulikuwa na simu ya kuzungusha kwa mkono, gare inakupigia treni inapotoka kituo cha nyuma. Simu ile ilikufa, wakatuletea ya mfukoni, na hiyo nayo mvua ikinyesha network inakimbia.

"Mwana," aliniambia siku ya kwanza, "ratiba iko kwa ukuta, ni muzuri kuangalia. Lakini treni haijue kusoma."

"Eyo, vidye," nikaitikia, kama tunavyoitikia wakubwa kwa Kiluba.

"Na ikichelewa, usiseme haikuyi. Sema iko mu njia, inakaribia."

Alinifundisha kusikiliza reli. Treni ikiwa mbali, reli inaimba sauti nyembamba, inayoendelea bila kukatika. Unaisikia kwa sikio, unaisikia zaidi ukiweka kiganja. Sasa mimi, wiki yangu ya kwanza, saa sita ya jua kali, nikasikia reli inalia. Nikafunga barieri mbio. Kulikuwa na msafara wa arusi unatoka kanisani, magari yamepambwa maua ya karatasi. Nikawasimamisha wote. Wakangoja. Bibi arusi akashuka, akanunua muwa kwa mtoto wa njiani, akaanza kuumenya kwa meno, amevaa vazi lake jeupe. Wazazi wa bwana arusi wakaanza kunitukana kwa Kiluba, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa. Ndipo Tata Banza akafika, akainama, akasikiliza.

"Inalia namna gani?"

"Tik, tik, tik."

Akacheka mpaka akashika barieri asianguke. "Ile ni chuma inanyoosha mugongo juu ya joto! Mama Numbi, umefungia bantu njia sababu ya jua!"

Tangu siku ile sikukosea tena. Inayosema tik ni jua. Inayoimba ni treni. Mkivuka, mkumbuke hilo tu, hata kama mengine yote mtasahau.

Kuhusu jambo la Clarisse na dada yake, nilianza kulifikiria kwa sababu ya mtu mmoja aliyeitwa Kabwe, muuza makala, yaani mkaa. Huyu alikuwa na baiskeli iliyobeba magunia mpaka mwenyewe haonekani. Siku moja anakuja mbio, mteremko unamsukuma, mimi nimefunga na napiga kelele, yeye hana breki hata kidogo. Hatua chache kabla ya barieri mnyororo ukakatika, ukajisokota kwenye gurudumu la nyuma, baiskeli ikaanguka na magunia yote. Kabwe akaanza kulaani mnyororo, aliyemuuzia mnyororo na mama wa aliyemuuzia. Bado analaani, treni ikapita mbele ya pua yake.

Kesho yake aliniletea kuku. "Mungu alikata ule munyororo," akasema. Nilifurahi, nikamla kuku na watoto. Lakini haukupita muda, nikamkuta Kabwe anapenyeza baiskeli yake chini ya barieri iliyofungwa, na reli inaimba!

"Kabwe! Uko wazimu?"

"Mama, usiogope. Minyi Mungu iko ananipenda."

Nilimpiga mgongoni kwa mti wa bendera, nawaambieni ukweli, na nikamvuta kwa ukosi wa shati. Nilimwambia kama Mungu anampenda, basi leo amemlinda kwa mti wangu, aunuse vizuri. Alikasirika na mimi mwezi mzima.

Basi, hiyo ni ya kucheka. Ile ya kamio, lori la mizigo, si ya kucheka.

Ilikuwa wakati wa mvua. Treni ya wasafiri kutoka upande wa Luena ilikuwa inangojwa asubuhi. Mvua ya jana yake ilikuwa imeondoa network, kwa hiyo gare hawakuweza kuniambia kitu. Kamio ya Kayumba ikatokea, imetoka Kabondo-Dianda, imebeba samaki wakavu na magunia ya mihogo, na juu ya magunia watu, kama kawaida yetu. Kayumba, shofere aliyeiendesha, alikuwa rafiki wa barieri. Kila akipita ananirushia samaki mmoja dirishani, na mimi namrushia tusi moja la mapenzi.

Niliweka kiganja juu ya reli. Kimya. Nikaweka sikio. Kimya. Nikafungua.

Magurudumu ya mbele yalivuka. Upande wa pili mvua ilikuwa imechimba shimo na matope yamelifunika. Gurudumu la kushoto likazama ndani, nikasikia chuma kinavunjika chini ya kamio, na kamio yote ikainama upande kama mtu anayejilaza. Mzigo ukateleza. Wengine waliruka, wengine wakaanguka, wengine wakafunikwa na magunia. Nyuma ya kamio ikabaki juu ya reli kabisa.

Kati ya waliobaki humo alikuwa Mama Vero, mke wa askari wa base ya jeshi, mtu wa jimbo la Équateur aliyekuja huku na mume wake na kuanza biashara ya samaki. Mguu wake ulikuwa umebanwa kati ya ubao wa kamio na chuma. Alikuwa analia kwa Lingala, na mwanamke mwingine mwenye mimba alikuwa amelala chini ya magunia, unaona kichwa tu.

Kayumba aliruka nje, mikono kichwani. "Mama Numbi, treni?"

"Haiyapita."

Akanitazama.

Nilimwambia atoe magunia yote, atafute mti wa kuinulia kamio, asikimbie. Kijana mmoja mwenye baiskeli nikamtuma gare. Mimi nikakamata bendera nyekundu na petari, nikaanza kukimbia juu ya reli kuelekea treni inakotoka.

Mnaopita pale mnajua: reli inateremka kuja barieri, na juu yake kuna kona yenye miti. Treni ikishapinda ile kona na uzito wake, mashinisti anaweza kufunga breki zote na kumwita mama yake, itakuja tu. Kwa hiyo lazima umkute mbali, nyuma ya kona, mahali ambapo bado anaweza kusimama. Tata Banza alinionyesha mahali penyewe mara nyingi, wakati ambapo hakuna shida yoyote, mpaka nilikuwa namwona kama mzee anayerudia maneno. Kandambili moja ilibaki njiani. Kila nikikanyaga jiwe nilikuwa najiambia, sasa inatokea, sasa inatokea. Ingekuja kwa saa yake, ingenikuta kabla ya kona, na bendera yangu isingesaidia mtu.

Nilipita kona. Nikafika mahali pa Tata Banza. Nikafunga petari juu ya reli, moja mbele ya nyingine kwa kuachana, nikasimama na bendera, pumzi imekwisha.

Halafu nikangoja.

Kusimama pale kulinishinda kuliko kukimbia. Huwezi kujua nyuma yako wamefika wapi. Huwezi kurudi kuangalia. Nikaanza kuomba, na sikuomba vizuri kama Bernadette anavyoomba na mikono juu. Nilisema kwa sauti, macho wazi: "Baba, hii treni ikawie. Ikufe mu njia. Ivunjike kitu. Isikuye, Baba, isikuye." Nilirudia hivyo, nikasahau hata kusema amina. Jua likapanda, reli ikaanza tik, tik, na kila tik nilikuwa nainua bendera, ingawa nilijua ni jua.

Mama mmoja akapita na jembe begani, anaenda shambani. Akaniona mguu mmoja wazi, bendera mkononi, hakuna kitu mbele wala nyuma.

"Mama, unangoya nani?"

"Nangoya treni isikuye."

Alinitazama kidogo, akaongeza mwendo.

Niliposikia reli inaimba, jua lilikuwa kichwani. Treni ilikuja polepole. Petari zikalia, breki zikapiga kelele, mashini inayovuta treni ikasimama mbali nami, nafasi ya nyumba kadhaa. Mashinisti akatoa kichwa. Niliinua bendera na nilikuwa nalia.

"Mama, kuko nini?"

"Kamio iko juu ya reli. Na bantu ndani."

Alishuka, akakaa kwenye ngazi ya mashini kwanza. Akaniambia mashini yao ilikufa Luena, walingoja nyingine muda mrefu, wasafiri waliwatukana mpaka wakachoka. Ilikuwa ipite hapa asubuhi. Alipanga maneno yale taratibu, halafu tukatazamana. Alinipandisha pembeni yake, tukateremka kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Barierini walikuwa wameshatoa watu wote. Mama Vero alikuwa amelazwa juu ya kikwembe, mguu umefungwa kwa mbao za kasha. Yule wa mimba alikuwa amekaa, anakunywa maji. Kamio tu ilibaki, mkia wake bado juu ya reli. Mashinisti akawaelezea habari ya Luena. Kisha Kayumba akapiga magoti juu ya mawe ya reli, na watu wakalipuka. Waliimba, waliruka, akina mama walipiga vigelegele, vumbi la mihogo likapanda kama moshi. "Mungu aliharibu mashini! Mungu aliharibu mashini!" Wasafiri wakashuka kwenye treni, wakasaidia kusukuma kamio mpaka ikatoka, nao wakaingia katika wimbo. Niliinua bendera ya kijani. Treni ikapita mbele yangu na madirisha yake, mikono mingi inapunga, na mimi nikapunga kwa mikono miwili. Siku ile nilirudi nyumbani na kandambili moja, na ningeweza kuruka.

Kesho yake asubuhi, jirani akanigongea: twende matanga, Papa Ilunga amekufa. Huyu alikuwa fundi wa mbao za wagoni zamani, tulikaa naye kambi moja ya watu wa reli. Alipopumzika kazi alienda na mke wake Luena kulima.

Nilijifunga kikwembe, nikaenda kwa mtoto wao wa kwanza hapa Kamina, nikakaa juu ya mkeka karibu na Mama Ngoie, mjane wake. Alikuwa halii. Alikuwa anazungumza kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Ilikuwa hii ngiri yake ya zamani, ya tumbo. Ikajifunga. Infirmier, muganga wa Luena, akaniambia, mama, panda naye treni, akifika Kamina mapema batamupasua, atapona. Tulifika gare ya Luena kabla ya bantu bote. Mashini ikakufa. Tukangoya. Niliomba, Mama Numbi. Niliomba: Mungu, hii treni iende. Iende tu. Sikuomba kitu kingine."

Nilishika kikwembe changu.

"Tulipoona miti ya Kamina, roho yake ilikuwa inaenda. Kichwa chake kilikuwa hapa, kwa magoti yangu. Treni ikasimama. Nikaangalia kwa dirisha, nikaona bantu banacheza juu ya reli. Nikasema, kumbe leo ni siku ya nini? Na sikuita muntu. Nilijua kama imekwisha."

Nilitaka kumwambia, mdomo ukakataa. Sala yangu ilikuwa humo mdomoni kama bukari ya moto, siwezi kuimeza wala kuitema mbele ya watu. Nilikaa naye mpaka watu wengine walipokuja, nikaondoka.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Watu wa kamio walikuja na mbuzi wa shukrani, wamemfunga chini ya dirisha, na alikuwa anajibu kila wimbo. Pasteri Kitenge alihubiri vizuri, ni mtu mwema, simsemi vibaya. Akauliza: "Nani aliharibu mashini kule Luena?" Watu wakajibu: "Mungu!" Akauliza tena, wakajibu kwa nguvu zaidi. Ndipo akaniita mbele nitoe ushuhuda.

Nilisimama. Nilitazama benchi la akina mama, mahali alipokuwa akikaa Mama Ngoie zamani palikuwa wazi. Mtoto wake wa kwanza, mwanaume mzima, alikuwa amesimama kwenye mlango.

Nilisema: "Niliomba treni ichelewe, ikachelewa. Bantu bote mulioko hapa, naona sura zenu, nafurahi. Lakini Mama Ngoie alikuwa ndani ya ile treni na bwana yake mugonjwa, na yeye aliomba treni iende mbio, na bwana yake akakufa. Hiyo njo ushuhuda yangu. Sijue namna ya kuimaliza."

Nikarudi kukaa. Hakuna aliyesema haleluya. Pasteri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, "Asante, Mama Numbi. Sasa tuombe, kila muntu ndani ya roho yake."

Nje nilipata yangu. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama nimeacha kuamini. Mwingine alisema nimewaharibia furaha. Watoto wangu, mimi naamini Mungu, niliamini siku ile na naamini leo. Chance ni neno ambalo sikuwahi kulipenda, linaniachia mikono mitupu, nani nitamshukuru? Lakini namna Yeye anavyogawa, huyu apewe, huyu anyimwe, hiyo sijaonyeshwa. Na mtu akiniambia ameonyeshwa, namwuliza kwanza kama amekaa juu ya mkeka wa Mama Ngoie.

Kayumba ndiye aliyenishika mkono. "Nyumba ya matanga iko wapi?"

Tulienda wote, hata wale walionikasirikia. Kayumba alivuta mbuzi. Mama Vero alitembea na fimbo, anasimama kila baada ya muda, anakataa kubebwa. Tulipofika, akina mama wa mkekani wakanong'ona, na Mama Ngoie akatoka mlangoni, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi.

"Hii mbuzi ni ya nini?"

Kayumba alitazama chini. "Mama, ilikuwa ya shukrani. Tuliposikia, tuliona hatuwezi kuikula kule. Tukaleta."

Mama Ngoie alimgusa mbuzi pembe. Kisha akasema, wala hakupaza sauti: "Bwana yangu hakukufa sababu yenu. Musiniambie hata siku moja kama Mungu alimubadilisha na ninyi, sawa vile bantu banabadilisha mihogo na samaki. Sitaki kusikia ile."

"Mama, hatusemi vile," Mama Vero akajibu, na Kiswahili chake cha Lingala kilikuwa kinayumba. "Nzambe, Mungu, anajua, sisi hatujue. Tulikuya kulia na weye. Ni ile tu."

Mama Ngoie akaona fimbo. Akashusha macho mpaka kwenye mbao zilizofunga mguu.

"Mguu ulipata nini?"

"Njo kamio."

"Na unatembea nao namna ile? Uko na batoto?"

"Niko nabo, mama. Badogo."

"Sasa kaa. Kaa chini, nyoosha huo mguu. Mupeni mama mukeka."

Watu wakakaa. Mimi nilibaki karibu naye kwenye mlango, na nikajua kama sisemi sasa, sitasema kamwe. Nikamwambia yote: mahali pa nyuma ya kona, bendera, na maneno niliyosema kwa Mungu, yale yale, bila kuyapunguza. Ikufe mu njia. Ivunjike kitu.

Alinisikiliza akitazama watu wanaokaa.

"Na kama ungejua minyi niko ndani na Ilunga," akauliza, "ungeomba nini?"

Nilitaka kumpa jibu tamu. "Ningeomba vile vile, Mama Ngoie. Bantu balikuwa chini ya magunia. Niliwaona."

Akatikisa kichwa polepole. "Na minyi, hata mungeniambia kuko kamio mbele na bantu bote haba tunaona hapa, ningeomba treni ikimbie. Alikuwa bwana yangu."

Tukasimama hivyo, mabega yanagusana.

"Eh, Mungu naye," akasema mwishoni, "siku ile tulimupa kazi."

Na akacheka. Cheko dogo tu, lilitoka puani, lakini akina mama wote wakageuka, maana tangu afike na maiti hakuwa amecheka wala kulia. Halafu lile cheko likavunjika katikati. Akaita jina la mume wake, akaliita tena kwa nguvu, na kilio chote alichokuwa amekibeba kutoka Luena kikatoka. Aliangukia upande wa mkeka, na aliyemdaka ni Mama Vero, na mguu wake umenyooshwa mbele. Alikilaza kichwa cha mjane kifuani pake, akaanza kumbembeleza kwa Lingala, maneno ambayo hakuna kati yetu aliyeyaelewa, na Mama Ngoie alikuwa anaitikia.

Kayumba alinitazama, mbuzi bado yuko mkononi, hajui afanye nini. Nikamwonyesha nyuma ya nyumba, mahali pa kuchinjia. Mimi nikaingia ndani kutafuta chumvi.